Zamu Ilikuwa ya Nani?

Mtembeza wageni aliniambia nimkabidhi mkoba wangu kwanza. "Ukiwa nao hupiti, akka," alisema, yaani dada, akautundika begani kwake na kunionyesha njia kwa kidevu. Majabali mawili yameegemeana, na chini yake umebaki upenyo ambao mtu mzima haupiti akiwa wima. Unainama, unapinda bega, unatanguliza kichwa.

Hicho kichwa kinachotangulia ndicho kilichoibeba hadithi yote.

Mle ndani jiwe ni la baridi hata saa saba ya mchana, na ubavuni limelainika kwa mabega ya watu waliopita. Nilipochomoza upande wa pili nikakutana na viatu vyeusi vya shule mbele ya pua yangu. Mwenye viatu, mvulana wa miaka kumi hivi, alikuwa ameushika mwavuli uliokunjwa kwa mikono miwili, kauinua juu, tayari kunitwanga. Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu wao akamkemea kwa Kikannada, kisha naye uzalendo ukamshinda, akacheka.

Hapo ni ndani ya ngome ya Chitradurga, jimbo la Karnataka, yapata kilomita 200 kaskazini-magharibi mwa Bengaluru. Tundu lenyewe huitwa Onake Kindi, tundu la mchi.

## Mama na mchi

Mliowahi kumpeleka mgonjwa India mnayajua maisha ya kule, kwa hiyo sitayaeleza. Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti na tulikuwa tunangoja daktari aturuhusu kurudi nyumbani. Alipochoka kuniona nimemkalia chumbani kama askari wa zamu, alinifukuza. "Nenda ukatembee, mwanangu. Goti ni langu, si lako."

Nikapanda basi kwenda Chitradurga, na jioni nikamtumia mama hadithi ya Obavva kwa sauti, kwenye simu, nikiwa nimekaa nje ya duka la chai.

Nilimsimulia hivi. Katika karne ya 18 mlima ule ulikuwa mikononi mwa Madakari Nayaka, wa mwisho katika ukoo wa watawala walioushika tangu karne ya 16. Hyder Ali, mtawala wa Mysore, alikuwa ameizingira ngome na kuta zimemshinda. Askari wake wakamwona mtu akipenya kati ya mawe, wakajua pana njia. Mlinzi wa upande ule alikuwa Kahale Mudda Hanuma, mpiga baragumu. Mchana huo alikuwa amekwenda kwake, hatua chache tu kutoka pale, kula. Mkewe, Obavva, akatoka kumchotea maji bwawani. Njiani akasikia minong'ono nyuma ya jiwe.

Hakumwita mumewe. Alirudi akachukua mchi, akasimama kando ya tundu. Kilipotokeza kichwa cha kwanza, akakipiga. Akauvuta mwili pembeni, tundu likabaki wazi, wa pili akaingia bila kujua lililompata mwenzake. Hanuma alipomaliza kula na kurudi, alimkuta mkewe amesimama na mchi unaotiririka damu, na maiti zimelala. Idadi ya maiti hupanda kadiri msimulizi anavyopata moto. Hanuma akapiga baragumu, walinzi wakaja, shambulio likazimwa. Obavva alikufa siku ileile. Wengine husema ni kwa mshtuko, wengine husema adui alimchoma kwa nyuma.

Jibu la mama lilikuja baada ya dakika chache, naye ana tabia ya kuanzia mbali. Kwanza akauliza mchi wenyewe ni wa namna gani. Nikamwambia ni wa mti, mwembamba, mrefu kuliko wetu, na ncha yake imevishwa pete ya chuma ili isichakae kwa kukoboa mpunga. Akasema basi huo unaua. Akasema pia kwamba kutwanga kwa hasira kunachosha upesi, lazima yule mama alikuwa akipumua kati ya kichwa na kichwa.

Kisha akauliza: "Sasa huyo mume alipokwenda kula, zamu alimwachia nani?"

Nilicheka peke yangu pale dukani.

Swali lile nililipuuza, nikapanda basi nikarudi. Lakini limenifuata hadi nyumbani, limenikera kwa wiki kadhaa, na mama mwenyewe amekwisha kulisahau.

## Jitu halidaiwi ushahidi

Ukiuliza Chitradurga majabali haya yametoka wapi, utajibiwa kwa Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Wahindu. Hidimba alikuwa jitu lililokula watu. Bhima, mwenye nguvu kuliko ndugu zake wote Wapandava, alipigana naye, akamuua, kisha akamwoa dada yake. Wenyeji wanasema pigano lilikuwa hapahapa, na mawe unayoyaona yametapakaa ni silaha walizorushiana. Juu mlimani pana hekalu la Hidimbeshwara, linalohesabiwa kuwa kongwe kuliko mengine yote ya ngome, ambako huhifadhiwa kitu kinachoitwa jino la Hidimba, pamoja na ngoma kubwa ya mabati ya chuma inayosemekana ni ya vita vile.

Wanajiolojia nao wana majibu yao. Graniti hii ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipasuka, maji yakapenya nyufani na kuzila pembe zake ingali chini ya udongo, kisha udongo ukachukuliwa na mvua na mawe yakabaki juu, ya duara, yamepandana. Si mbali na mji, huko Maradihalli, pana mawe ya volkeno yaliyogandia chini ya maji yakafanya mafundo mviringo, na tangu 1976 yamehifadhiwa kama kumbukumbu ya taifa ya jiolojia. Bahari, mahali ambapo leo mvua ikichelewa watu hutazamana!

Mtembeza wageni wangu alinipa maelezo yote mawili kwa pumzi moja, la jitu na la nyufa, wala hakuona kwamba yanagombana. Nilimpenda kwa hilo.

Ila alipofika kwa Obavva, sauti yake ilibadilika. Akaanza kujitetea kabla sijamuuliza. Akanionyesha tundu, akanionyesha bwawa, akanionyesha mahali panaposemwa ni nyumba ya mlinzi, kama wakili anayepanga vielelezo mezani. Inaonekana wageni humwuliza sana: je, kweli alikuwapo?

Jitu lenye jino hatulidai ushahidi. Mke wa mlinzi tunamdai.

Na si swali la kijinga. Obavva ametufikia kwa midomo ya watu, si kwa maandishi ya siku zake. Sura ambayo wengi wanayo kichwani wameipata kwenye filamu moja ya Kikannada ya mwaka 1972, ambamo anaonekana kwa muda wa wimbo mmoja tu. Nimeutazama wimbo huo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini kila nikianza kujiuliza kama alikuwapo, najikuta narudi kwa mama, ambaye suala la kuwapo kwa Obavva halikumgusa hata kidogo. Yeye aliuliza habari za kazi.

## Ngome iliyofikiria kila kitu

Ngome hii ilijengwa na watu wenye wasiwasi mwingi, na nasema hivyo kwa heshima. Ina kuta saba, moja ndani ya nyingine, zimepanda na kushuka na mlima. Malango yake hayanyooki: ukiingia unakunja kushoto, halafu kulia, halafu kushoto tena, ili tembo wa adui asipate mbio za kuuvunja mlango, na walio juu ya ukuta wakuone mgongo. Kwenye miamba utaona mistari ya vishimo vidogo ambamo mafundi walipigilia kabari kupasua jiwe. Kuna malango 19 kwa hesabu ya kawaida, na vijia vya siri 35.

Maji ndiyo yaliyonishika zaidi. Mabwawa yamepangwa kwa ngazi, la juu likijaa linamwagia la chini, la Gopalaswamy likilipa maji la Akka-Tangi, ambalo ni bwawa la dada na mdogo wake, na mengine hadi mjini. Mvua ya mahali penye kiu namna ile haikuachwa ipotee. Kuna visima vya mawe vya kuwekea mafuta, ghala za nafaka, na mahali pa kusagia baruti penye mawe manne ya duara, mazito, yaliyozungushwa kwa nguvu za wanyama. Ungeweza kufungiwa humo miaka ukaendelea kula, kuwasha taa na kupiga mizinga.

Mtu akiwa amekaa nje na jeshi lake, atafanya nini? Hyder Ali alijaribu zaidi ya mara moja katika miaka ya 1760 na 1770.

Lakini ukuta unajengwa, jabali halijengwi. Kila mahali ambapo waashi walitumia jabali lililokuwapo badala ya kulaza mawe, walipokea pia na nyufa zake. Ufa mmoja ukawa wa mtu kupita akijikunja. Kuuziba pengine kungewanyima na wenyewe njia, kwa hiyo wakauwekea mtu wa kuulinda.

Mtu huyo mchana alisikia njaa.

Hapo ndipo swali la mama lilipoacha kunichekesha. Hadithi husema Hanuma alikwenda kula, nasi tunaipita sentensi hiyo mbio ili tufike kwenye mchi. Hakuna anayesema alipokewa na nani. Wapiga mizinga walikuwa na wenzao, malango yalikuwa na vikosi, na tundu lilikuwa na mtu mmoja tu, mwenye nyumba karibu na mke ndani ya nyumba. Nadhani hesabu ilikuwa imepigwa hivyo tangu mwanzo. Mlinzi aliajiriwa mmoja wakapatikana wawili, na huyo wa pili hakuwa kwenye daftari la mtu yeyote.

## Karani aliyetia jina lake

Mtu ataniambia: zama zile nani alikuwa anaandika?

Basi twende kaskazini mwa wilaya hiihii, upande wa Molakalmuru, penye mlima wa Brahmagiri. Mwaka 1892 B. L. Rice, aliyekuwa akikusanya maandishi ya kale ya Mysore, alilikuta pale jabali lililochorwa amri ya mfalme Ashoka, ya karne ya tatu kabla ya Kristo. Ni ujumbe uliotoka mji wa Suvarnagiri kwenda kwa maofisa wa Isila. Unaanza kwa kuwatakia afya njema, na mwishoni unafika kwenye mambo ya nyumbani kabisa: watiini baba na mama, wahurumieni viumbe, semeni kweli, mwanafunzi amheshimu mwalimu wake.

Halafu aliyeiandika akatia jina lake. Chapada, mwandishi. Na neno la cheo chake akaliandika kwa hati ya Kharosthi, hati ya huko mbali, kaskazini-magharibi mwa India, ambayo karibu hakuna mtu wa kusini angeweza kuisoma.

Nampenda sana Chapada. Ametumwa na serikali mpaka upande wa pili wa nchi, kamaliza kazi, na kabla ya kufunga vifaa vyake kajionyesha kidogo. Miaka zaidi ya 2,200 imepita na tunajua jina lake.

Wala si yeye peke yake. Chini kidogo ya mji wa Chitradurga, penye bonde la Chandravalli, kuna maandishi ya Mayurasharma, mwanzilishi wa ufalme wa Kadamba, yanayotaja ujenzi wa bwawa. Hapohapo zimechimbuliwa sarafu za Kirumi za Augusto na Tiberio. Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia Mwingereza, alifanya uchimbuzi wake Brahmagiri na Chandravalli mwaka 1947. Wilaya hii haina shida ya kalamu, na mawe ya kuandikia imejaaliwa kuliko maji.

Kwa hiyo ukimya juu ya Obavva hausababishwi na uhaba wa maandishi. Waandishi walikuwapo, na waliandika habari za waliowalipa. Mke wa mpiga baragumu hakuwa na la kulipa, basi akabaki kwa wasimulizi, ambao hawalipwi na hawana sarufi, lakini pia hawamuulizi mtu cheo chake.

## Mlango wa Ekanathamma

Kuna jambo mtembeza wageni alilisema kwa sauti ya chini, tukiwa tumeketi kwenye ngazi za hekalu la Ekanathamma, mungu mlinzi wa watawala wa ngome. Obavva, alisema, alikuwa wa watu wetu.

Jamii inayomdai Obavva ni ya Waholeya, wanaoitwa pia Wachalavadi, miongoni mwa Wadalit, watu waliowekwa chini kabisa ya mfumo wa tabaka. Kwa desturi za tabaka za zama zile, watu wa jamii hiyo hawakuvuka vizingiti vya mahekalu. Ngome ya juu imejaa mahekalu, nami nilikuwa nimevua viatu na kuingia moja baada ya jingine, mgeni kutoka ng'ambo ya bahari ambaye hata dini si yangu, bila mtu kuniuliza kitu. Yeye aliyelinda tundu angeishia nje.

Ndipo nikaanza kuona kwa nini watu hawa hawataki kuambiwa habari ya ushahidi. Wao si kwamba wanapamba historia ya mtu mwingine. Katika ngome yote ile hilo tundu ndilo mahali pekee penye jina lao, na sasa mgeni anakuja kuuliza kama kweli.

Leo Obavva ana sanamu mjini, ana uwanja wa michezo wenye jina lake, na tangu 2021 serikali ya Karnataka inaadhimisha siku yake ya kuzaliwa kila Novemba 11. Nimeitazama tarehe hiyo mara mbilimbili. Siku aliyokufa haina mwaka wa uhakika, lakini ya kuzaliwa imepangiwa kalenda na hotuba.

Nina wasiwasi wangu hapa, na ni wa aina mbili.

Wa kwanza ni Hyder. Siku hizi kuna wanaoisimulia hadithi hii kana kwamba ilikuwa vita ya dini, Mwislamu nje na Mhindu ndani. Siasa za mlima ule hazikuwa nyepesi hivyo. Madakari aliwahi kuwa upande wa Hyder, akawahi kuwa upande wa Wamaratha, wapinzani wake wenye nguvu, akiangalia upepo unavuma kutoka wapi, kama walivyofanya watawala wadogo wote waliobanwa katikati ya wakubwa. Mwaka 1779 upepo ulimgeukia. Ngome ikaanguka, Madakari akachukuliwa mfungwa hadi Srirangapatna, mji mkuu wa Hyder, na maelfu ya Wabeda, watu wa ukoo wake, wakahamishwa kwa nguvu. Hilo la mwisho hadithi ya mchi huwa haifiki.

Wa pili ni kifo chake. Alikufa siku ileile, na sababu mbili zinazotolewa hazifanani hata kidogo. Mtu aliyekufa kwa mshtuko na mtu aliyechomwa upanga mgongoni ni maiti mbili tofauti. Huwa nahisi, na hii ni hisia tu, kwamba wasimulizi walihitaji afe, kwa njia yoyote ile. Angeishi ingekuwaje? Angekwenda kwa Madakari Nayaka kudai nini? Angevuka kizingiti cha nani? Mama angesema mwanamke wa namna hiyo akibaki hai anasumbua mtaa.

## Chungu za mchanga

Kabla ya kurudi Bengaluru nilipita Nayakanahatti, upande wa Challakere, kwa sababu abiria mwenzangu wa kwenye basi alisema kuondoka wilaya hii bila kumwona Thippeswamy ni aibu. Ni walii aliyeishi karne kadhaa zilizopita, na kaburi lake huvuta umati mkubwa kila mwaka wakati wa sikukuu ya kukokota gari la hekalu. Nchi ile ni kavu. Kazi anayokumbukwa nayo zaidi ni kuchimbisha mabwawa.

Na anakumbukwa kwa namna alivyolipa. Wanasimulia kwamba jioni vibarua walioneshwa chungu za mchanga, kila mmoja achukue lake. Aliyefanya kazi alipofukua akakuta fedha ya kiasi cha jasho lake. Aliyekuwa amelala kivulini akakuta mchanga. Msemo wake umebandikwa hata kwenye vioo vya malori: kadiri ulivyofanya, ndivyo upewe.

Nilimsimulia mama hiyo pia. Akaipenda kuliko ya mchi, akasema hiyo ndiyo serikali.

Tangu hapo nimekuwa nikimpeleka Obavva jioni kwenye zile chungu, pamoja na mumewe, pamoja na aliyepanga zamu, nikijaribu kuona nani angefukua nini. Hanuma ndiye aliyekuwa mwajiriwa. Baragumu alilipiga, tena kwa wakati, na hadithi haimlaumu hata neno moja kwa kwenda kula, wala mimi simlaumu, mtu lazima ale. Lakini tundu lililindwa, na si yeye aliyelilinda. Wasimulizi wanajua mkewe alibeba chombo gani cha maji na alisimama upande gani wa jiwe. Hawasemi kama mwisho wa mwezi ule mume alipokea mshahara kamili.